Khati ya Brashi, kutoka Marseille hadi Masisi

Msafiri atokaye Goma, mashariki mwa Kongo, akapita Sake na kuipanda milima ya Masisi kuelekea misitu ya Walikale, hana budi kusoma njiani, kwa kuwa kila duka, kila kinyozi na kila nyumba inunuayo madini ina jina lake juu ya mlango, nalo aghalabu limeandikwa kwa brashi, kwa khati iliyoinama, nene mwanzoni mwa mstari na nyembamba mwishoni.

Khati ya namna hii ndiyo waliyotamani kuiiga mafundi wa herufi za risasi za kuchapia. Mwaka 1942 kampuni ya American Type Founders ilitoa Brush Script, kazi ya Robert E. Smith wa Marekani, na mwaka 1953 Roger Excoffon, wa kiwanda cha Fonderie Olive mjini Marseille, akatoa Mistral, aliyoitunga kwa kufuata mwandiko wa mkono wake mwenyewe na kuipa jina la upepo wa kusini mwa Ufaransa. Taabu ya kazi hiyo haikuwa ndogo: kila herufi hukaa peke yake juu ya kipande chake cha risasi, nayo yapasa iufikishe mkia wake pale pale ambapo jirani yake, awaye yote, ataupokea, hata jicho lidhani wino ulikwenda pasipo kukatika. Herufi hizo zilikusudiwa matangazo na vichwa vya habari, wala si vitabu. Na aliyewahi kusoma ukurasa mzima wa Mistral atakubaliana nami.

Kongo haikuzingoja herufi za risasi. Mchoraji Chéri Samba, aliyeingia Kinshasa mwaka 1972, alianza kwa kuchora mabango, akafungua karakana yake mwaka 1975, kabla sifa zake hazijavuka bahari. Zama hizo fundi wa mabango hakukosa kazi: nchi iliitwa Zaire mwaka 1971, majina ya watu na ya mahali yakageuzwa kwa amri, kisha mwaka 1997 jina la Kongo likarejea, na jina likigeuka, bango hupakwa upya.

Mtazame fundi aandikapo neno Masisi. Hupiga mistari miwili ya chaki, huchovya brashi, na s ya kwanza hutoka imeshiba rangi. Akifika ya pili rangi imepungua, nayo hutoka kavu kidogo, mkia wake umechanika. Katika neno Walikale a ni mbili na l ni mbili, wala hakuna iliyo sawasawa na mwenzake. Mistral ya risasi haina ila s moja, ikirudiwa.

Leo herufi hizo zimo ndani ya kompyuta, na turubai za plastiki huchapwa mjini kwa saa chache, hivi kwamba mashine iliyojifunza kwa mkono sasa inamnyang'anya mwenye mkono riziki yake. Turubai ni rahisi, sikatai, lakini ni kazi duni. Mwenye duka wa Sake au wa Walikale atakaye bango, na amwendee kwanza fundi wa brashi.