Jokofu linapoacha kupoza: Mambo ya kukagua kabla ya kumwita fundi

JOKOFU linaloendelea kunguruma huku maziwa yakichacha ndani yake huweza kuwa na madhara kuliko lililozimika kabisa, kwa kuwa wenye nyumba huendelea kuliamini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi. Insulini ambayo haijaanza kutumika huhitaji nyuzi 2 hadi 8, na haipaswi kuganda.

Hatua ya kwanza ni kupima. Kipimajoto kiwekwe ndani ya glasi ya maji katikati ya jokofu na kuachwa usiku kucha. Kikionyesha zaidi ya nyuzi 5, ikaguliwe swichi ya kurekebisha ubaridi, kwani husogezwa kwa urahisi wakati wa kupanga vyakula.

Kisha ukaguliwe mlango. Karatasi ibanwe kati ya mlango na fremu. Ikichomoka bila kukaza, mpira umelegea na hewa ya joto inaingia. Mpira mchafu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uliopasuka hubadilishwa.

Nyuma au chini ya majokofu mengi kuna mabomba membamba yanayotoa joto nje. Yakifunikwa na vumbi, au jokofu likisukumwa hadi ukutani, joto hilo hukosa pa kwenda. Jokofu lichomolewe kwenye umeme kabla ya kuyasafisha kwa brashi laini.

Friza ikigandisha vizuri ilhali sehemu nyingine haipoi, huenda barafu imeziba njia ya hewa au feni imekwama. Jokofu lizimwe, barafu iyeyuke yenyewe. Kuibandua kwa kisu kunaweza kutoboa bomba la gesi, na majokofu mengi ya sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto.

Kompresa isiyowaka, au inayofanya kazi mfululizo bila kuleta ubaridi, ni kazi ya fundi. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kuziba tundu ni kupoteza fedha.

Fundi anaposubiriwa, mlango usifunguliwe ovyo: jokofu lililozimika huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4. Nyama, samaki na maziwa vilivyopoteza ubaridi kwa zaidi ya saa 2 vitupwe hata kama havinuki, kwa sababu vimelea vya maradhi si lazima vibadili harufu. Kuhusu insulini, aulizwe mfamasia.