Kitanga cha nyani mlangoni Kismayu: Hadithi kongwe za kutisha zinavyoweza kuwa filamu za gharama nafuu

Usiku wa Septemba 22, 2021, Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Mogadishu ulionyesha filamu mbele ya hadhira kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30. Zilikuwa filamu fupi mbili za mwongozaji wa Kisomali Ibrahim CM, Hoos na Date from Hell, na tiketi iliuzwa kwa dola 10. Ukumbi huo, uliojengwa na wahandisi wa China mwaka 1967, ulikuwa umepitia mengi. Wapiganaji wa makundi ya wababe wa vita waliufanya kituo chao, na wiki chache tu baada ya kufunguliwa upya mwaka 2012 ukashambuliwa kwa bomu.

Kismayu iko umbali wa kilomita 500 hivi kusini mwa Mogadishu. Mji huo wa bandari ulikuwa mikononi mwa Al-Shabab tangu Agosti 2008 hadi vikosi vya Kenya na Somalia vilipouingia mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2012. Kundi hilo lilipiga marufuku filamu na muziki katika maeneo liliyoyatawala. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati huo leo ni kijana mwenye simu inayorekodi picha safi kuliko kamera nyingi zilizotumika kuanzisha tasnia ya filamu za Kiswahili. Chombo anacho, la kujiuliza ni asimulie kisa gani nacho, na kwa fedha kiasi gani.

Historia ya sinema inaonyesha kwamba wasiokuwa na fedha mara nyingi wameanzia kwenye hofu, na mara nyingi wamekwenda kuitafuta kabatini mwa vitabu.

Mwaka 1922 kampuni ndogo ya Ujerumani, Prana-Film, ilitoa Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Ilikuwa riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyochapishwa 1897, ikiwa imebadilishwa majina ya wahusika bila idhini ya wenye haki. Mjane wa Stoker, Florence, alishtaki, na mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala za filamu hiyo ziteketezwe. Baadhi zilinusurika, ndiyo maana inatazamwa hadi leo. Mwaka 1968 Mmarekani George Romero alitengeneza Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000, akiazima wazo kutoka riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1954, I Am Legend. Sehemu kubwa ya kisa inatukia ndani ya nyumba moja ya shamba, na damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa kuwa picha za rangi nyeusi na nyeupe hazimsaliti mtu. Mwaka 2007 Oren Peli alitoa Paranormal Activity, aliyoipiga nyumbani kwake kwa dola zipatazo 15,000.

Ukiziweka pamoja filamu hizo utaona jambo moja. Kinachotisha kiko nje ya mlango, au gizani, au katika sauti ya juu darini. Kumtengeneza zimwi kunagharimu, ilhali kumsubiri hakugharimu chochote.

Dar es Salaam ilitangulia

Katika Afrika Mashariki somo hilo lilijaribiwa mapema jijini Dar es Salaam. Mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Shumileta mwaka 2005, filamu za video zilizouzwa kwa kanda na kutazamwa majumbani na kwenye vibanda vya mitaani. Jina la kwanza lina asili katika neno la Kinyakyusa la mizimu, wafu wanaorudi. La pili ni la jini wa kike anayeingia katika maisha ya binadamu. Filamu hizo zilionyesha wazi athari za Nigeria, ambako Nneka the Pretty Serpent ya mwaka 1994 ilikuwa imekwishafungua njia. Mtazamaji wa leo anaweza kuzicheka hila zake za kompyuta. Lakini palipo na chumba kimoja, taa moja na mtu anayesikiliza hatua za miguu, bado zinafanya kazi.

Banzi hakuchukua riwaya ya Mzungu akaitafsiri. Alichukua visa ambavyo watazamaji walikuwa wakivisikia tangu utotoni. Tofauti hiyo ni kubwa kwa watu wa pwani, kwa sababu kwao jini si mhusika wa kubuni. Ametajwa katika Kurani, na sura ya 72 imepewa jina lake. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulipoanzia Pemba na kuenea Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakikesha. Mwongozaji anayetengeneza filamu ya jini kwa watazamaji kama hao hana haja ya kuwashawishi kwamba jini yupo. Ana kazi ngumu zaidi, kuwashawishi kwamba yeye mwenyewe hafanyi mzaha na jambo hilo.

Ufuo, gofu na mluzi

Kusini mwa Kismayu kuna mlolongo wa Visiwa vya Bajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine, hadi karibu na Ras Kamboni. Wakazi wake kwa karne nyingi wamekuwa wavuvi na mabaharia. Katika visiwa hivyo na pwani inayovikabili yamo magofu ya misikiti na makaburi ya mnara, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachunguza mwishoni mwa miaka ya 1960.

Msomaji wa hadithi za kutisha za Kiingereza akiwaza ufuo kama huo hawezi kuikwepa hadithi moja ya M. R. James ya mwaka 1904, Oh, Whistle, and I'll Come to You, My Lad. Profesa asiyeamini mambo ya ghaibu anaokota filimbi katika gofu kando ya bahari, anaipuliza, na tangu hapo kuna kitu kinamfuata. Mwaka 1968 BBC iliifanya filamu ya televisheni isiyofika saa moja, chini ya uongozaji wa Jonathan Miller, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake hamna kingi zaidi ya mzee mmoja, mchanga mtupu, upepo na shuka.

Pwani ya Waswahili hadithi hiyo inaeleweka bila maelezo. Mtoto gani hajakaripiwa kwa kupiga mluzi usiku? Isipokuwa magofu ya Bajuni ni makaburi ya watu wanaojulikana vizazi vyao, na kwenda kupiga picha hapo bila kuwaendea wazee ni kuanza vibaya.

Anayegonga ni nani?

Hata hivyo, ipo hadithi nyingine inayofaa zaidi, na inahitaji nyumba moja, watu wanne au watano na mlango. Ni The Monkey's Paw, yaani kitanga cha nyani, aliyoiandika W. W. Jacobs mwaka 1902. Jacobs alikulia Wapping, kwenye gati za London, ambako baba yake alikuwa msimamizi. Alifariki mwaka 1943, na kwa kuwa sheria za nchi nyingi hulinda haki miliki kwa miaka 50 au 70 baada ya kifo cha mwandishi, hadithi hiyo leo iko huru kwa yeyote katika nchi hizo.

Kisa chake ni kifupi. Askari aliyerejea kutoka India anawaachia wazee wawili kitanga kilichokauka chenye uwezo wa kutimiza maombi matatu. Baba anaomba pauni 200. Kesho yake mwana wao wa pekee anasagwa na mashine kiwandani, na kampuni inawaletea fidia: pauni 200. Baada ya siku kumi mama anamlazimisha mumewe aombe mwana afufuke. Usiku mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo, baba anapapasa sakafuni akikitafuta kitanga, na kabla mlango haujafunguka anatamka ombi la tatu. Nje hakuna mtu.

Kuihamishia Kismayu kunaonekana kazi rahisi. Askari awe baharia aliyerudi na hirizi kutoka ng'ambo, pauni ziwe dola zinazopokelewa kwenye duka la hawala, kiwanda kiwe bahari, na baba aombe fedha za kununua mashine ya mashua.

Ila bahari inabadili kila kitu. Katika hadithi ya Jacobs baba ameuona mwili, na amemzika mwanawe. Anajua kinachogonga mlango ni nini, ndiyo maana anaogopa. Kijana aliyepotea baharini hana kaburi. Fikihi ina mlango wake kuhusu mtu wa namna hiyo, mafkudi, ambaye haijulikani kama yu hai au amekufa, na ambaye mirathi yake haigawanywi mpaka hali yake ithibitike. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani hii, wanaweza kumswalia marehemu aliye mbali swala ya ghaibu, lakini nani atathubutu kuikimu wakati mama angali anaweka sahani ya chakula?

Katika nyumba kama hiyo, anayegonga anaweza kuwa mfu. Anaweza pia kuwa hai: ameokolewa na jahazi, akashushwa bandari ya mbali, na sasa ametembea usiku kucha kurudi kwao. Ombi la tatu la baba, ambalo katika hadithi asilia ni la huruma, hapa linaweza kuwa mauaji. Hakuna hila ya kompyuta inayoweza kuongeza hofu hiyo, na haikuwamo katika maandishi ya Jacobs. Imeletwa na mahali.

Na hapo ndipo uzito ulipo. Vijana wengi wa Kisomali wamechukuliwa na safari ya tahriib, njia ya magendo kuelekea Ulaya, na baadhi yao hawakusikika tena. Familia za Bajuni zilizokimbia visiwani baada ya 1991 kwenda pwani ya Kenya zinakijua vilevile kisa cha chombo kilichoondoka kisifike. Katika ukumbi wa watu hamsini yawezekana yupo mama anayesubiri kugongewa. Filamu itakayomtisha bila kumheshimu itakuwa imemfanyia ukatili. Itakayomwacha mhusika wa mama aongee, amtetee mwanawe mbele ya woga wa baba, hiyo ataikalia hadi mwisho.

Sauti kabla ya picha

Aongee kwa lugha gani? Kibajuni, ambacho wanaisimu hukiita pia Kitikuu, ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili, na wengi wa wazungumzaji wake leo wako Kenya. Rekodi zake zilizopo ni hasa za watafiti, Derek Nurse akiwa miongoni mwao. Ni orodha za maneno na masimulizi. Ugomvi wa mume na mke usiku wa manane, mtu anavyonong'ona, anavyoapa, anavyomwita mwanawe kupitia mlango uliofungwa, si vitu vinavyopatikana kirahisi katika orodha ya maneno.

Hilo linaifanya sauti kuwa gharama ya kwanza. Macho ya watazamaji husamehe picha yenye giza, hasa katika filamu ya kutisha, lakini masikio hayasamehi mazungumzo yasiyosikika. Upepo wa kusi huvuma kwa miezi mingi na huharibu kila kinachorekodiwa ufuoni kwa simu tupu. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, nyumba yenye kuta nene za mawe, na jenereta iliyowekwa mbali vitaokoa zaidi kuliko kamera mpya.

Linabaki suala la kitakachoonekana mlango ukifunguka. Jacobs aliacha barabara tupu na mwanga wa taa ya mtaani. Mwongozaji wa Kismayu anaweza kufanya hivyo hivyo, au akaacha nyayo mbichi kizingitini, za mtu aliyekuja akageuka. Kwa nyayo hizo inatosha ndoo moja ya maji ya bahari.