Kuta za Kisiwa cha Malaika

Maandishi yenyewe huyaoni mara moja. Ukiingia katika jengo la mbao la ghorofa mbili lililoko kaskazini-mashariki mwa Angel Island, katika Ghuba ya San Francisco, macho hukutana kwanza na rangi iliyochakaa. Mpaka mwanga uupitie ukuta kwa ubavuni ndipo mikato ya kisu inapojitokeza: herufi za Kichina zilizopangwa kutoka juu kushuka chini, safu kwa safu, kuanzia kulia. Ni mashairi. Zaidi ya 200 yamekwishapatikana, na mengi hayana jina la mtunzi.

Jina la kisiwa, Kisiwa cha Malaika, lilitoka kwa Wahispania waliotia nanga pale mwaka 1775. Kuanzia Januari 1910 hadi Novemba 1940 kilikuwa na kituo cha uhamiaji cha Serikali ya Marekani, na waliovuka Pasifiki walipitishwa hapo: Wajapani, Wahindi, Wakorea, Warusi. Lakini waliolengwa hasa walikuwa Wachina. Takriban 100,000 kati yao walizuiliwa kisiwani, wengine kwa siku chache, wengine kwa miezi.

Wengi walitoka vijiji vya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Babu zao walikuwa wamekwenda California tangu habari za dhahabu zilipovuma mwaka 1848, na nchi ile wakaiita Mlima wa Dhahabu. Dhahabu ilipokwisha walishika sururu na baruti. Maelfu yao walipasua miamba ya Sierra Nevada kuipitisha reli iliyokamilika mwaka 1869. Hali ya kazi ilipokuwa ngumu, lawama ikawaangukia wao, na mwaka 1882 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Upenyo ulibaki kwa wafanyabiashara, walimu, wanafunzi, wanadiplomasia na wasafiri. Watoto wa raia nao hawakuweza kukataliwa.

Upenyo huo wa watoto ulipanuliwa na janga. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliipiga San Francisco, moto ukafuata, na kumbukumbu za vizazi zikateketea. Tangu siku hiyo Mchina aliyekuwa mjini aliweza kusema, "Mimi nilizaliwa hapa," na hapakuwa na karatasi ya kumkanusha. Akishatambuliwa kuwa raia, kila aliporudi kutoka kijijini kwao aliandikisha kuwa amepata mtoto wa kiume, amepata kweli au hakupata. Nafasi ya mtoto asiyekuwepo ikawa mali. Nafasi hiyo alipewa mpwa, au akauziwa kijana wa jirani, naye akapanda meli kwa jina la ukoo usio wake. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi.

Maofisa walilijua hilo, wakaweka mtego wa maswali. Nyumba yenu ni ya ngapi kutoka mwanzo wa safu? Mlango umeelekea upande gani? Pipa la mchele linakaa wapi? Nani anaishi nyumba ya tatu, safu ya pili? Ngazi ina vidato vingapi? Mahojiano yaliweza kuchukua siku mbili tatu, kupitia mkalimani, kisha majibu ya kijana yakalinganishwa na ya baba na ya mashahidi walioulizwa mbali naye. Yakipishana, kijana alikuwa hatarini kurudishwa China. Msomaji, hebu hesabu kwa kichwa vidato vya nyumba uliyokulia. Hapo ndipo ulipokuwa ukatili wa utaratibu ule: mwana wa kweli, aliyeyaishi maisha yake bila kuyakariri, aliweza kushindwa, na mwana wa karatasi aliyesoma usiku na mchana akapita.

Maana walisoma kwelikweli. Kijitabu cha majibu, chenye ramani ya kijiji na majina ya shangazi wasiowahi kuwaona, kilikaririwa melini na kutupwa baharini kabla ya kufika. Jambo jipya likizuka katikati ya mahojiano, jamaa waliokuwa mjini waliandika vikaratasi, na wapishi wa kituo, Wachina wenzao, wakavifikisha. Sisi tuliokuzwa na kisa cha Fumo Liyongo, aliyeletewa tupa gerezani ndani ya mkate wa wishwa, hatuhitaji kufafanuliwa njia hiyo.

Kati ya mahojiano hapakuwa na kazi ila kungoja. Wanaume walilala kwenye vitanda vya chuma vya deka tatu, mlango umefungwa, uwanja wa kupunga hewa umezungushiwa uzio. Walikuwa wamekwishavuliwa nguo mbele ya daktari na kutakiwa watoe choo kipimwe minyoo ya safura, jambo lililowaumiza watu waliolelewa kwa staha. Ndipo mtu akasimama mbele ya ukuta. Aliandika kwanza kwa brashi, kisha yeye au mwenzake akazifuata herufi kwa ncha ya kisu.

Hawakuwa wasomi wakubwa. Wengi walikuwa vijana wa shule za vijijini, lakini kanuni za ushairi walikuwa nazo: mstari wa herufi tano au saba, vina mahali pake, mtindo uliokomaa katika enzi ya Tang zaidi ya miaka 1,000 nyuma. Walimtaja Su Wu, balozi aliyeshikwa na maadui wa kaskazini kwa miaka 19 akichunga kondoo. Walimtaja Mfalme Wen aliyefungwa Youli. Waliwalilia wake na mama zao, wakaikasirikia Marekani, wakaona uchungu kuwa China ilikuwa dhaifu mno kuwatetea.

Kwangu mimi, uzito wa kuta hizi uko hapa. Katika jalada la ofisi kuna jina, umri, picha na majibu yaliyopigwa mhuri, na mengi ya hayo ni uongo ambao sheria ile iliwalazimisha watu kuusema. Ukutani mara nyingi hakuna jina, na huko ndiko walikosema kweli.

Wakubwa wa kituo waliona uchafuzi tu. Waliamuru mikato izibwe kwa puti, kisha ipakwe rangi. Puti ile na rangi ile viliihifadhi mbao, na miaka ilivyopita puti ikasinyaa, herufi zikarudi juu. Wanawake walikaa katika jengo la utawala. Jengo hilo liliteketea Agosti 1940, na kama nao waliandika, kuta zao hazikubaki.

Sheria ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani, ingawa nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 kwa mwaka. Jengo la wanaume lilisahauliwa hadi likapangiwa kubomolewa. Mwaka 1970 mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, alipita humo akaziona herufi na kukataa kunyamaza. Wajukuu wa waliozuiliwa wakaingilia kati, jengo likaokolewa, na mwaka 1980 Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung wakachapisha mashairi hayo pamoja na kumbukumbu za wazee. Wazee wengi hawakuwa wamewasimulia hata watoto wao.

Mmoja wa waliopita pale ni Tyrus Wong, mchoraji ambaye baadaye aliipa filamu ya Bambi misitu yake yenye ukungu. Alifika mwaka 1920, mtoto wa kiasi cha miaka kumi, kwa jina la karatasi la Look Tai Yow. Baba yake aliruhusiwa kutoka mapema. Yeye akabaki karibu mwezi mzima bila mzazi. Walipokutana tena, baba alimfundisha kuandika kwa brashi iliyochovywa majini, juu ya magazeti makuukuu, kwa kuwa wino ulikuwa ghali. Herufi zilikauka na kutoweka, naye akaanza upya.

Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia jina la mtu, na ndilo linalomfunga kwa waliomtangulia. Kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, katika sikukuu ya Qingming, familia hufagia makaburi, huwasha ubani na kuwaandalia wazee wao chakula. Katika makaburi ya California kuna mawe yaliyochongwa majina mawili yasiyolingana. Kwa Kiingereza limeandikwa jina la karatasi, lile marehemu aliloingia nalo nchini na kuwarithisha watoto wake. Kando yake, kwa herufi za Kichina, limechongwa jina la ukoo aliozaliwa.