Mazimwi ya Mfukoni: Asili ya Mchezo wa Pokémon

Katika miaka ya 1970, Machida, mji ulio pembezoni mwa Tokyo, ulikuwa ungali na mashamba ya mpunga, mabwawa na vichaka, na humo mtoto mmoja aitwaye Satoshi Tajiri, ambaye wenziwe walimpa lakabu ya Daktari wa Wadudu, alishinda akiwinda vidudu vya kila namna. Hata alipofikia ujana, mabwawa yalikwisha fukiwa, majumba na barabara zikapanda juu yake, na palipokuwa pa kuvulia samaki pakawa ukumbi wa michezo ya video. Naye, asiyekuwa tena na pori la kuwindia, akaingia ukumbini, akazipenda mno mashine zile hata mwaka 1983 akaanza kutoa kijarida alichokiandika kwa mkono wake, Game Freak, nacho mwaka 1989 kikageuka kampuni, yeye na Ken Sugimori, mchoraji wake, wakawa watungaji wa michezo badala ya wasimulizi wake.

Si kweli, kama wengi wadhanivyo, kwamba Pokémon ndiyo iliyoanzisha desturi ya kuyakamata mazimwi na kuyafanya askari. Mwaka 1987 Megami Tensei ilikwisha mruhusu mchezaji kubembelezana na mashetani mpaka yakubali kumtumikia, na Dragon Quest V ya mwaka 1992 iliyaingiza baadhi ya madubwana yaliyoshindwa vitani katika jeshi la shujaa. Jambo jipya alilolileta Tajiri lilikuwa waya. Game Boy, kimashine cha Nintendo kilichotoka mwaka 1989, kilikuwa na tundu ubavuni la kuunganishia waya baina ya mashine mbili, na ilhali watungaji wengine aghalabu waliutumia kwa mashindano tu, yeye alitasawari wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwenziwe. Fikira hiyo ilichukua takriban miaka sita kutimia, nusura kampuni ifilisike, na mchezo ulipotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, katika nakala mbili, Nyekundu na Kijani, Game Boy ilikwisha hesabiwa miongoni mwa vikongwe.

Mbili za nini? Shauri hilo lilitoka kwa Shigeru Miyamoto wa Nintendo, na ndani yake mna hila ya uhaba. Zimwi Ekans hupatikana katika Nyekundu tu, na Sandshrew katika Kijani tu. Mwanzoni, kati ya Bulbasaur, Charmander na Squirtle mchezaji hupewa mmoja, wala wawili waliobaki hatawaona porini abadan. Na zimwi Kadabra, hata apigane usiku na mchana, hageuki kuwa Alakazam ila apitishwe katika waya kwenda kwa mtu mwingine. Alhasili, atakaye kuyakusanya mazimwi yote 150 hana budi kutafuta rafiki, na rafiki, maadamu naye ana haja zake, hatoi bure.

Adha za mchezo huu, walakini, si zote zenye hekima. Mapangoni, kila baada ya hatua chache hutokea Zubat, popo asiyetakwa na mtu. Sanduku la kuhifadhia mazimwi likijaa, mchezaji hawezi kukamata jingine mpaka arudi mjini, afungue kompyuta na kubadilisha sanduku mwenyewe, na upuuzi huo sijapata kuuona udhuru wake. Kisha kuna Safari Zone, ambako mtu hulipa, akapewa mipira 30 ya kunasia na ruhusa ya hatua 500, akakatazwa kupigana: akimtupia zimwi Chansey jiwe, hunasika kwa wepesi zaidi lakini huharakisha kutoroka, akimtupia chambo, hutulia, lakini kunasika kwake huwa kugumu, na vyovyote afanyavyo, mara nyingi Chansey huenda zake. Fauka ya hayo, kumbukumbu zote zilitunzwa na betri ndogo ndani ya katriji, nayo ikifa baada ya miaka mingi hazina yote hupotea.

Uhaba ulifika kilele kwa Mew, zimwi la 151, alilolificha mtungaji Shigeki Morimoto katika nafasi finyu iliyobaki mwishoni mwa kazi. Jarida la CoroCoro Comic lilipotangaza kwamba wasomaji 20 tu wangepewa, maombi yalimiminika kwa maelfu, na mauzo ya mchezo yakapanda.

Leo mazimwi yamepita 1,000. Tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006 mchezaji aweza kubadilishana kwa intaneti na mtu asiyemjua kwa jina wala sura, na katika Legends: Arceus ya mwaka 2022 kimewekwa kifaa kinachomgeuza Kadabra kuwa Alakazam bila ya mtu wa pili. Masanduku yamerekebishwa, na hilo ni jema. Lakini kuiondoa haja ya rafiki pamoja na adha nyingine, kana kwamba zote zilikuwa kasoro za namna moja, kwa hukumu yangu ni hasara, kwani hiyo ndiyo adha pekee ambayo Tajiri aliikusudia.