Sauti ya Watu Wawili: Historia ya Redio ya Bodaboda Milimani Kilungu

Karibu kila ushauri ulioandikwa kuhusu kuchagua kifaa cha mawasiliano na muziki cha pikipiki humlenga mtu wa aina moja: amevaa helmeti inayofunika uso mzima, anakimbia kwenye barabara kuu, na wenzake wanamfuata kila mmoja kwa pikipiki yake. Mwendeshaji wa bodaboda wa Nunguni, huko Makueni nchini Kenya, hafanani na mtu huyo. Yuko kazini na mwendo wake ni wa kupanda na kushuka, na anayetaka kuzungumza naye amekaa nyuma yake, magoti yakimgusa. Nadai kwamba katika milima ya Kilungu sauti ya pikipiki ina ukoo wake, na ukoo huo haukuanzia ndani ya helmeti. Ulitoka kwenye redio ya nyumbani na kwenye matatu, mahali ambapo sauti ilikuwa ya kila aliyekuwepo. Anayetaka kumchagulia mwendeshaji huyu kifaa bila kuijua historia hiyo atamnunulia kitu kisichomfaa.

Tuanze na ukoo ule mwingine. Mwaka 1917, katika shule ya urubani ya Gosport huko Uingereza, Robert Smith-Barry alianza kutumia mrija wa kuzungumzia uliopeleka sauti ya mwalimu hadi masikioni mwa mwanafunzi, kwa sababu upepo na injini vilimeza kila neno ndani ya ndege zile zisizo na paa. Intakomu za leo za waendesha pikipiki, za kampuni kama Cardo na Sena, hutumia Bluetooth, teknolojia ambayo muungano wa makampuni yake uliundwa mwaka 1998, lakini adui ni yule yule. Pikipiki inapopita kasi ya kilomita 60 kwa saa hivi, upepo unaozunguka helmeti huanza kuishinda hata injini kwa kelele, na kwenye kasi ya barabara kuu hupita desibeli 90 kwa urahisi. Helmeti huwatenga watu, na upepo huwatenga zaidi. Intakomu iliundwa ili kuwaunganisha tena.

Nunguni ni soko lililo juu milimani, mbali kidogo na barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa. Makueni ilipomegwa kutoka Machakos mwaka 1992 kuwa wilaya, eneo hili lilikuwa tayari linajulikana kwa matuta yake ya kuzuia mmomonyoko, mengi yakiwa yamechimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya ushirika vya Wakamba, vilivyofanya kazi kwa kuimba. Nyumba zimetawanyika kwenye migongo ya vilima na kwenye miteremko, na matatu hukomea barabarani. Kutoka hapo mtu alitembea, na mzigo ukapanda mgongoni. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini zisizozidi cc 250, na pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikaenea vijijini. Pengo lile la kutembea kwa miguu likajazwa na bodaboda. Kumbe abiria aliyeshuka kwenye matatu na kupanda pikipiki hakutoka katika ukimya. Tangu Jomo Kenyatta alipozifungulia matatu njia ya kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, muziki ulikuwa umekuwa sehemu ya safari. Nyumbani nako idhaa ya taifa ilikuwa imewazoesha watu kusubiri vipindi vya Kikamba, na katika miaka ya 2000 stesheni kama Musyi FM zikaanza kutangaza kwa lugha hiyo kutwa nzima. Muziki wa benga ya Ukambani, uliopata nguvu tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, ukawa na mahali pa kusikika kila saa. Pikipiki ina betri ya volti 12. Fundi aliyejua kuunganisha redio ya gari hakuhitaji kufundishwa upya: aliweka spika mbele, akatoa umeme kwenye betri, akaongeza nafasi ya kuchomeka flashi. Mwendeshaji akasikia, abiria akasikia, na mama aliyekuwa akipalilia kando ya njia akasikia pia.

Kuna atakayesema huu ni umaskini tu, kwamba intakomu ingenunuliwa kama ingekuwa rahisi. Bei ina uzito, siikatai. Hata hivyo, kama kilichotakiwa kingekuwa sauti ya mtu mmoja, vipokea sauti vya masikioni vimekuwa vikiuzwa kwa bei ndogo mno kila penye kibanda cha simu. Mwendeshaji aliyetoa pesa kununua spika na kumlipa fundi alichagua njia ya gharama kubwa zaidi, tena kwa faida ya mtu wa pili. Na ana sababu ya kibiashara: abiria anayesikia wimbo anaoupenda, au habari za kaunti yake kwa lugha yake, ana jambo la kuzungumza, na mazungumzo ndiyo humrudisha kesho kwa mwendeshaji yule yule. Pikipiki ya cc 100 yenye watu wawili ikipanda mlima haifikii kasi ya upepo unaoua maneno. Tatizo ambalo intakomu ilibuniwa kulitatua halikuwepo.

Pingamizi la pili, la kelele na usalama, ni zito zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zilitungwa kwa sababu ya kweli: mgonjwa aliyelala, mtoto anayesoma na mwalimu aliye darasani hawakuomba wimbo wa mtu. Kuhusu usalama, katika Marekani ya miaka ya 1930, redio za magari zilipoanza kuenea, wapo waliotaka zipigwe marufuku kwa hofu kwamba zingempotosha dereva. Hofu ile ilipungua, lakini haikuwa ya kipuuzi. Kwenye kona za Kilungu, honi ya lori linaloteremka ndiyo onyo la pekee kabla ya kuliona. Spika inayoifunika honi hiyo ni hatari, na sioni utetezi wa kitamaduni unaoweza kuiokoa. Ila vipokea sauti vilivyoziba masikio yote mawili ni hatari ile ile, tena isiyoonekana na askari. Suala ni kiwango cha sauti, na spika ina kitufe cha kupunguza.

Kinachobadilisha hesabu ni helmeti. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2012 inawataka mwendeshaji na abiria wake wote wawili waivae, pamoja na jaketi la kuakisi mwanga. Abiria wengi wamekuwa wakiikwepa kwa kuogopa kuvaa iliyotoka kichwani mwa mtu mwingine. Waendeshaji nao wamezoea kuchomeka simu kati ya helmeti na sikio ili wapokee simu ya mteja, jambo linalobana shavu na kuvuta mawazo. Hapo intakomu inaingia kwa haki, kwa masharti ya Nunguni: kifaa kiwashwe kwa kitufe kikubwa kinachobonyezwa bila kutazama, kistahimili mvua na ukungu wa milimani, kichajiwe kutoka kwenye betri ya pikipiki, kiache masikio yasikie barabara, na kiwe na upande wa abiria unaobandukika ili helmeti yake ioshwe na kuanikwa. Kinachouzwa kwa sifa ya kuunganisha pikipiki kumi na tano zinazosafiri pamoja hakimhusu mtu ambaye mwenzake wa safari yuko nyuma yake, naye atashuka kwenye lango la tatu baada ya mto.