Mji wa 64
Eldoret yetu ilianzia shamba namba 64. Jina rasmi lilikuja mwaka 1912, lakini wazee bado huuita mji huu Sisibo, yaani “sixty-four”, 64 kwa Kiingereza. Nafundisha hesabu hapa na naipenda namba hiyo: ni 8 mara 8, tena ni 4 mara 4 mara 4. Hata kete za bao la Kiswahili ni 64.

Weka punje moja kwenye mraba wa kwanza wa sataranji, mbili wa pili, nne wa tatu, hadi wa 64. Mwanahisabati Al-Biruni alizijumlisha zote yapata miaka elfu iliyopita: 18,446,744,073,709,551,615. Ni zao la namba tasa saba tu: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Ile 641 iligunduliwa na mwanahisabati Euler mwaka 1732, kama kigawanyo cha namba ambayo mwenzake Fermat aliidhani kuwa tasa.