Usambamba wa Sentensi na Historia ya Unyanyembe

Usambamba ni kupanga sehemu mbili za sentensi kwa muundo mmoja, hata ya pili iirudie ya kwanza, iipinge, au iikamilishe. Mnamo mwaka 1753 Robert Lowth, aliyekuwa profesa wa ushairi huko Oxford, alichapisha mihadhara yake juu ya mashairi ya Waebrania, akazitaja aina hizo tatu. Msikilizaji wa Kiswahili haoni ugeni ndani yake, kwa kuwa methali zetu zimejengwa vivyo hivyo: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, mizani ya maneno si mizani ya ukweli. Tuchukue mfano wa Gongoni na mitaa mingine ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikopita njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mhubiri anayetaka kuieleza njia hiyo kwa ufupi aweza kusema: “Mwarabu alifanya biashara, Mnyamwezi alibeba mzigo.” Sentensi hiyo yapendeza masikioni, nayo yakumbukwa upesi. Lakini historia yaikana.

Wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani kabla Waarabu hawajafanya makao Unyanyembe. Burton alipofika Kazeh mwaka 1857 aliwakuta Waarabu wamekwisha kukaa, lakini njia waliyoifuata ilikuwa imekanyagwa na wenyeji. Tangu mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kwa sababu ya biashara hiyo hiyo. Je, mtu apiganiaye njia ni mchukuzi tu?

Usambamba huohuo waweza kuirudisha haki: Wanyamwezi walibeba pembe za wengine, tena walibeba pembe zao wenyewe, waliajiriwa katika misafara, tena waliiongoza misafara yao. Hapa sehemu ya pili haiipambi ya kwanza, bali yaikamilisha.

Basi, kabla ya kuziunganisha sehemu mbili, hatuna budi kuipima kila moja peke yake, na kuuliza ni nani aliyeachwa nje ili sentensi ilingane. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Jirani aliyekwisha kufa hawezi kujitetea, na uongo uliopangwa vizuri hudumu kuliko uongo mwingine.